Aliyejua Bila Kuambiwa

Mvua ya Kigali haina adabu. Haiangalii umevaa nini wala unakwenda wapi. Jumamosi ile ilimkuta Kirezi juu ya pikipiki kwenye barabara ya uwanja wa ndege, na gauni la kitenge cha manjano alilolishona kwa ajili ya harusi ya mtu wa ofisini. Rafiki yake Alida alikuwa kwenye pikipiki ya nyuma, kashika viatu mkononi. Walipofika Kabeza, motari alikata kona, akasimama mbele ya maduka.

"Dada, nvua iko kari sana. Ingia hapo kwanza, ipunguze."

Hapo palikuwa ni chumba cha michezo ya video. Televisheni zilipangwa ukutani, vijana wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja na padi mkononi, wakigombana juu ya mabao ya mpira wa miguu na penalti ambazo hazikuwahi kuwapo. Kirezi akaingia na helmeti bado kichwani, maji yanamtiririka mpaka visigino. Kelele zikakatika, watu wote wakageuka kumtazama.

"Karibu, dada," ilisema sauti kutoka pembeni. "Utacheza na hiyo helmeti, au tukusaidie kuivua?"

Aliyesema hivyo ndiye mwenye chumba, Armel, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na mwanya unaoonekana kila akicheka. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikuwa amekaa peke yake mbele ya televisheni ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiigombania.

Kirezi alivua helmeti, akatazama kioo. "Hiyo ni besiboli?"

"Bambe!" Armel alishangaa. "Weye unaijua?"

"Nilikuwa mrushaji shuleni. Tulifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Wasichana wote walikuwa wananiogopa."

"Miye siogopi msichana aliyelowa."

Alida akacheka kwa sauti. Kirezi akakaa kwenye benchi, akakunja kitenge chake, akanyoosha mkono apewe padi.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo. Mrushaji anachagua kwa siri mpira wake: wa kasi, wa kupinda, au wa pole, ule unaoonekana wa kasi halafu unachelewa njiani. Mpigaji hajui unakuja upi, na muda wa kufikiri hana.

"Nikikupiga mitatu mfululizo, unanipa namba ya simu," alisema Armel.

"Na ukikosa mmoja?"

"Nasimama nje kwenye mvua mpaka iishe."

"Utaugua, kaka wa watu."

Akarusha wa pole. Armel akaupiga ukavuka uzio. Akarusha wa kupinda, nao ukaenda. Wa tatu Kirezi aliuficha kweli: akaiingiza padi ndani ya mkunjo wa kitenge ili vidole visionekane, akamkazia macho, akarusha wa pole tena. Gongo likalia na mpira ukapotea juu ya majukwaa. Vijana wa mpira wa miguu wakapiga makofi bila kuelewa kilichotokea.

"Umejuaje?" aliuliza Kirezi.

"Nimekuangalia macho tu."

Uongo mtupu. Katika mchezo ule kuna msaada wa mpigaji, unawashwa kwenye mipangilio. Kabla mpira haujarushwa, mpigaji anabonyeza kitufe kubahatisha aina yake. Akipata, padi inatetemeka mara moja mkononi mwake na anajua hasa mpira utapita wapi. Akikosea, gongo lake linachelewa, anaaibika kuliko asiyebahatisha kabisa. Armel aliuwasha asubuhi alipokuwa akicheza na mashine, na siku hiyo bahati ilikuwa upande wake. Angeweza kuuzima. Angeweza kusema, "Dada, miye nina msaada," wakacheka, na namba angepewa vilevile, kwa sababu Kirezi alishampenda tangu lile neno la helmeti. Lakini mwanamume akiona msichana mzuri anamshangaa, ni nani atakayemrudisha nyuma?

Na Kirezi alishangaa kwelikweli. Alizaliwa na kukulia Mwanza, katika nyumba yenye watoto wengi ambayo aliyelia kwa sauti ndiye aliyebebwa. Kirezi hakujua kulia kwa sauti. Alikua akingoja mtu mmoja tu, wa kumwangalia usoni na kujua. Alitoka mle chumbani akiamini kwamba amempata, Kabeza, kwa sababu ya mvua.

Jioni simu ikalia.

"Umefika, sheri?"

"Sheri ni nani? Namba nimekupa saa ngapi, na usheri umeanza lini?"

"Basi nikuite nani?"

"Niite Kirezi."

"Sawa, Kirezi wangu."

"Weee! Ondoa hiyo 'wangu'."

"Siondoi, sha."

Akacheka mpaka Alida akagonga ukuta kutoka chumba cha pili. Wawili hao walipanga nyumba moja Gatsata na walifanya kazi ofisi moja Kacyiru. Walichangia pasi, mafuta ya kupaka na siri.

Sasa msikilizeni huyu Armel alivyofanya. Jumatatu alimpigia Alida, ambaye naye alikuwa amempa namba. "Shemeji, shikamoo. Yukoje leo?" Alida, ambaye hajawahi kukataa kuwa na manufaa, akamwambia: bosi amemgombeza mbele ya watu, hajala. Saa sita na nusu Armel alikuwa nje ya ofisi kashika brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma kwenye karatasi.

"Umejuaje kwamba sijala?" Kirezi alikaribia kulia.

"Sauti yako ya jana. Niliisikia tu."

Ikawa ndiyo desturi. Kirezi akikumbuka ziwa la kwao, Armel analeta sangara wa kukaanga. Akiumwa na kichwa, Armel anafika na tangawizi kabla hajalalamika. Kila mara "Umejuaje?" na kila mara "Macho yako." Jumapili baada ya misa walicheza besiboli yao mle Kabeza, Kirezi akificha padi kila mahali, Armel akipiga, na Kirezi akizidi kusadiki. Aliwaambia watu wa ofisini, akamwambia mama yake kwa simu: "Mama, huyu haniulizi kitu. Anajua."

Alida moyo ulimwuma kidogo. Siku moja alimwambia Armel, "Kuuliza si ujinga, lakini mbona unaniuliza mimi? Mwulize mwenyewe."

"Nikimwuliza yeye, shemeji, nitabaki na nini? Ananipenda kwa hilo."

"Na siku nisipokuwapo?"

"Utakwenda wapi weye?"

Alikwenda Bujumbura. Mvua za Aprili zilimkuta mama yake Alida kitandani, naye akaomba ruhusa kazini akaenda kumwuguza. Na ni katika majuma hayo Kirezi aligundua kwamba ana mimba.

Hakumwambia mtu. Hawakuwa wamefunga ndoa, wazee wa Armel walikuwa hawajafika Mwanza kujitambulisha, na habari kama hiyo haipelekwi Bujumbura kwa simu kwa mtu anayemwogesha mama yake. Lakini Armel mwenyewe, Kirezi hakumwambia kwa sababu nyingine kabisa. Alitaka aone mwenyewe. Alikaa mbele yake akinywa fanta kwa mrija, akimtabasamia, akingoja yale macho yafanye kazi yao. Alifurahi namna ya mtoto aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

Armel alimpigia Alida. "Shemeji, yukoje?"

"Mimi niko huku, nitajuaje? Akinipigia anasema mzima."

"Basi mzima," alisema Armel, akaendelea na shughuli zake.

Jumanne moja asubuhi Kirezi alianza kuumwa akiwa ofisini. Alichukua pikipiki mwenyewe mpaka zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima aitwaye Winifred, alimshika mkono, akamwuliza, "Umekuja na nani, mwanangu?"

"Peke yangu."

"Disi. Pole, mama. Mwite mwenzio aje akuchukue."

"Atakuja. Ye huwa anajua."

Alikaa kwenye benchi la zahanati mpaka adhuhuri ikapita. Mimba ilikuwa imetoka. Simu aliishika mkononi na hakuipiga, aliitazama tu. Hatimaye ikatetemeka, ujumbe wa Armel: picha ya mbwa aliyevaa miwani, na maneno, "Huyu anafanana na bosi wako."

Jumapili alikwenda Kabeza, kavaa gauni jeusi, nywele kazifunga kwa kitambaa. Armel akampa padi, akamfutia benchi kwa mkono wa shati, akasema ameng'ara. Kirezi akarusha mpira wa pole, katikati kabisa, pale ambapo hata mgeni wa mchezo angeupiga. Armel akaupiga. Akarusha uleule, mahali palepale. Armel akaupiga. Hakuificha padi. Aliilaza mapajani, kidole kikibonyeza kitufe kimoja, tena na tena, huku akimwangalia Armel upande wa uso. Mrushaji aliyeogopwa na shule nzima alikuwa anarusha hivyo, akingoja mtu amwulize ana nini.

"Leo nimekufungua, sheri!" Armel alipiga kelele, padi ikimtetemekea mkononi kila mara. "Leo huna pa kujificha!"

"Ndiyo," alisema Kirezi. "Leo sijajificha."

Armel akaupiga mwingine.

Baada ya hapo walikwenda kwa Mugenzi, rafiki yake Armel, aliyekuwa amembatiza mwanawe. Mahema meupe, kreti za fanta na bia, akina mama wamevaa mishanana ya zambarau, muziki juu. Armel, kwa furaha yake na bia yake moja, alimchukua yule mtoto mikononi mwa mama yake akamweka mikononi mwa Kirezi.

"Mtazameni! Inamkaa vizuri, si ndiyo? Na sisi tusichelewe."

Watu wakapiga vigelegele. Kirezi alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu, akamtengenezea kofia, akatoka. Armel alipomfuata mpaka barabarani alikuta pikipiki aliyoipanda Kirezi imeshashuka mteremko.

Alimpigia simu tangu jioni hiyo mpaka Kirezi alipochoka kuitazama ikiwaka, akapokea.

"Kirezi, unanionea. Nimefanya nini?"

"Wewe unayeona kila kitu unaniuliza mimi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu, "sijui," lingewaokoa wote wawili. Lakini Armel alikuwa amezoea kujua. Akafikiri haraka: amekasirika, na wasichana hukasirika nini? Wazee hawajaenda Mwanza. Ndiyo, ni hilo tu. Akabahatisha.

"Najua, sheri," alisema kwa sauti ya upole, ile anayoipenda. "Niliona tangu mwanzo. Usifikiri sikuona."

"Uliona?"

"Niliona kabisa. Nikasema tukilinyamazia, litapita lenyewe."

Armel alisikia pumzi ya Kirezi ikiingia, kisha simu ikakatwa. Usiku uleule Kirezi aliifunga namba yake.

Alida aliporudi kutoka Bujumbura alimkuta rafiki yake amekonda, nyumba imefagiliwa mno. Kirezi alimwambia yote wakiwa jikoni, bila kulia, akichambua maharage.

"Kupoteza mimba ni kazi ya Mungu," alisema. "Ila yeye alijua, Alida. Aliona nateseka, akanyamaza ili lipite. Kaniambia kwa mdomo wake. Halafu akaniwekea mtoto wa watu mikononi."

Alida aliweka chini kisu cha vitunguu. Alijua, kuliko mtu yeyote Kigali, kwamba Armel hakujua. Na alijua kwa nini.

Asubuhi yake alikuwa Kabeza kabla Armel hajafungua milango yote.

"Kirezi alikuwa na mimba yako. Imetoka. Alikwenda zahanati peke yake."

Armel alikaa chini kwenye kizingiti, funguo mkononi. "Miye sikujua."

"Ulimwambia unajua."

"Nilibahatisha tu! Nilidhani ni habari ya wazee kwenda Mwanza." Akaanza kulia waziwazi, wapita njia wakimtazama. "Shemeji, nifanye nini?"

"Hata hilo unaniuliza mimi?" Alida naye alikuwa analia. "Mwambie ukweli. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na nitakaposema nitajitaja na mimi."

Walikutana saa sita, kwenye mgahawa mmoja wa Kacyiru ambako watu wa ofisini hula melanji: unapewa sahani, unapakua mara moja tu, na kwa hiyo kila mtu anatoka na mlima wa wali, ndizi, maharage na viazi. Barazani palikuwa na meza mbili. Kirezi alikuwa na blauzi ya samawati na kitambulisho cha kazi shingoni. Sahani yake ilikuwa na kijiko kimoja cha wali.

"Sema," alisema.

Armel alisema. Alianza na padi iliyokuwa ikitetemeka, siku ya mvua. Akaja kwenye brosheti, sangara, tangawizi. Akasema ni Alida, mara zote ni Alida. Akasema lile la kwenye simu lilikuwa la kubahatisha, na kwamba angelijua angekuja zahanati kwa miguu.

"Kwa hiyo hukunitelekeza," alisema Kirezi polepole.

"Hata siku moja. Nakuapia."

"Hukujua kitu."

"Sikujua kitu, Kirezi."

"Tangu mwanzo."

Armel aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameleta neno la kumtoa hatiani na alidhani angeona uso wake ukifunguka. Kirezi alikuwa anatazama wali.

"Mwezi mzima nimekuchukia," alisema. "Nikasema, ananijua na hana huruma. Sasa naambiwa una huruma ila hunijui. Nimepoteza wawili, Armel, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona sura."

"Mimi nipo hapa. Tuanze upya. Nitauliza kila kitu, mpaka unichoke."

"Uliza basi."

Akababaika. Hakuwa na mazoezi. Akajifuta uso kwa mkono. "Uliumia?"

Kirezi alimwambia. Alimwambia jinsi maumivu yalivyoanza akiwa ameshika kikombe, jinsi alivyomwomba motari asipite kwenye matuta, benchi lilivyokuwa baridi, mkono wa Winifred, picha ya mbwa mwenye miwani. Alimwambia habari ya Mwanza na ya kulia bila sauti. Armel hakumkatiza. Alilia, akauliza tena, naye akajibiwa tena. Wali ukapoa, na kwa muda ule barazani walikuwa watu wawili wanaopendana kweli, kwa mara ya kwanza tangu waonane.

"Ulikuwa umempa jina?" aliuliza Armel mwishoni.

"Jina linatolewa mtoto akishazaliwa."

"Najua. Lakini moyoni."

"Ishimwe," alisema Kirezi. "Awe wa kiume, awe wa kike."

Akasimama, akanyoosha blauzi. Muda wa chakula ulikuwa umekwisha. Armel alimwuliza kama ataweza kumpigia, naye akasema hajui, aache afikirie, na alisema hivyo bila hasira. Akashuka ngazi, akaenda mpaka kwenye kivuko, akasimama na watu wengine wakingoja taa.

Taa ilipowaka kijani wengine walivuka, yeye akabaki. Ile hasira aliyoibeba mwezi mzima aliitafuta, hakuiona. Ameuliza, aliwaza. Kwa kinywa chake, vibaya vibaya, lakini ameuliza. Mtu anaweza kujifunza. Akageuka kumrudia.

Kutoka pale aliiona baraza vizuri. Armel alikuwa ameinama juu ya meza, simu sikioni, mkono mwingine umefunika sikio la pili ili asikie vizuri zaidi. Kirezi hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyepigiwa.

"Shemeji," Armel alikuwa anasema, "amenitajia jina la mtoto. Hapo maana yake amenisamehe, au ameniaga?"

"Yuko wapi sasa hivi?" aliuliza Alida.

"Ametoka tu. Alikuwa hapo kwenye kivuko."

Armel akainua kichwa kumtafuta, lakini Kirezi alikuwa ameshavuka, taa ilikuwa imeshabadilika, na barabarani pikipiki zilikuwa zinapita.